Gari la Mume wa Kwanza

Haya yalimkuta rafiki yangu Deoksu, kule Daegu. Ningekuwa mimi, ningekimbia mapema na kitambi changu hiki.

Mkewe, Malsuk, alitaka gari la marehemu mumewe wa kwanza, Chilbok, ling'arishwe kabla mnunuzi hajafika saa kumi. Lilikuwa limeozea bandani miaka sita.

"Lisugue taratibu, bwana wee. Chilbok alilipenda sana."

"Na mimi napendwa na nani?" Deoksu alijibu, wivu ukimchoma.

Akapiga polishi bodi, akafyonza vumbi vitini. Chini ya usukani alikuta samaki mkavu aliyefungwa uzi mweupe, kinga ya ajali na mizimu ambayo madereva wa kwao huiweka garini.

"Zamu ya bwana wako imekwisha," akamwambia yule samaki, akamtupa jalalani.

Akafunga mlango wa banda, vumbi lisiguse polishi. Giza likatanda. Malsuk akaketi kiti cha abiria, kuliaga gari.

Mkanda wa kiti ukasikika ukivutwa polepole, kisha ta, ukafungwa.

"Deoksu, mbona umeingia kimya kimya?" Malsuk akauliza, akicheka.

Deoksu alikuwa nje ya gari, kitambaa mkononi. Akawasha tochi. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Mkanda wake ulikuwa umefungwa, umetuna hewani, ukipanda na kushuka taratibu.