Maumivu Aliyoyaficha Jiwe

Kila siku ya shule, kabla ya saa moja asubuhi, mapacha wawili walisimama mbele ya joko katika duka la mikate la baba yao. Kazi yao ilikuwa kutoa mikate kwenye trei na kuipanga rafuni kabla wateja hawajaanza kugonga kaunta. Msichana aliitwa Jiwe. Baba alimpa jina hilo tangu siku alipochomwa sindano akiwa mchanga, asilie, akamkodolea muuguzi macho tu. Mvulana aliitwa Domo, na aliyekaa naye dakika mbili hakuhitaji kuuliza kwa nini.

Walikuwa na mchezo wao: kila mmoja alishika mkate wa moto kwa vidole vitupu, na aliyeuachia kwanza alishindwa. Miaka yote Domo ndiye aliyeshindwa. Lakini mwaka huo Jiwe alitimiza miaka kumi na mitatu, akavunja ungo, na mambo yakabadilika. Siku nyingine alishika mkate kama zamani. Siku nyingine, hasa hedhi ilipokaribia, mkate wa moto uleule ulimfanya alengwe na machozi. Kichwa kiligonga, na tumbo la chini likajikaza kama nguo inayokamuliwa. Domo alicheka, akasema sasa dada yake atafutiwe jina jipya, labda Siagi.

Mzaha ule ulimkaa Jiwe moyoni. Darasani aligeuka huku na huku kwenye dawati mpaka mwalimu akamuuliza kama amekalia siafu. Nyumbani alianza kufagia, akaacha katikati, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Alijiuliza kama amekuwa mlegevu. Kumwambia mama aliona haya. Kumwambia baba ndiyo kabisa.

Bibi yao, mama mzazi wa baba, alikuwa na vidonge vya maumivu ya magoti alivyopewa kituo cha afya. Alivitunza ndani ya kopo chini ya mto. Siku moja tumbo lilipomzidi, Jiwe alichukua kimoja. Kikamsaidia. Mwezi uliofuata alichukua viwili asubuhi na viwili jioni, bila kula, bila kumwambia mtu. Punde akaanza kusikia kiungulia kikali, kama amemeza kaa la moto. Naye akalinyamazia hilo pia.

Vidonge viliisha siku nyingi kabla ya tarehe ya bibi kurudi kituoni. Magoti ya bibi yakavimba. Baba alipouliza nani aliingia chumbani, mama alikumbuka kumwona Domo akitoka humo akipangusa mdomo. Domo aliapa kwamba alifuata biskuti tu. Tatizo ni kwamba Domo alikuwa na hadithi kwa kila jambo, na mwenye hadithi nyingi haaminiki hata akisema kweli. Baba akamwambia kwamba Jumamosi hatakwenda kwenye mechi ya shule, hata kama yeye ndiye golikipa.

Siku mbili Jiwe alitembea na siri yake kama mwenye mchanga kwenye kiatu. Alimfuata mama jikoni, akaishia kuomba maji ambayo hakuyanywa. Domo naye aliacha kuzungumza, na nyumba bila sauti yake ikawa kama ya wageni.

Ijumaa asubuhi Jiwe alimkuta bibi akijaribu kuinuka kitini. Mikono yake ilishika meza, lakini magoti yakakataa. Alijaribu mara tatu. Jiwe alimshika kiuno, akamketisha, halafu hakuweza tena kuificha siri.

"Bibi, si Domo," alisema. "Ni mimi niliyemeza dawa zako. Zote."

Mama alikuwa mlangoni na bakuli la unga. Hakugomba. Aliuliza maswali machache: alimeza vingapi, tangu lini, anaumwa wapi. Kisha akavua aproni, na asubuhi ileile akawachukua bibi na mjukuu mpaka kituo cha afya.

Tabibu alimpima Jiwe tumbo, akamwandikia dawa ya kiungulia, na kumweleza kwamba vidonge vile vikinywewa ovyo hukwangua tumbo na kuumiza figo. Akamuuliza maumivu huja siku zipi. Jiwe alijibu, kisha akauliza swali lililomkosesha raha miezi yote hiyo.

"Nimekuwa mlegevu?"

Tabibu alivuta kiti karibu. Alimweleza kwamba mwilini mote kuna seli za neva ambazo kazi yake ni kupeleka habari kwenye ubongo: hapa pana moto, hapa pana mwiba. Msichana anapobalehe, mwili wake hutengeneza kwa wingi homoni iitwayo estrojeni, nayo hupanda na kushuka kila mwezi. Seli hizo zina sehemu za kuipokea homoni hiyo. Inapozifikia, huweza kuzifanya zishtuke kwa jambo dogo. Wakati mwingine huzituliza. Wataalamu bado wanachunguza kwa nini huwa hivi leo na vile kesho, na kwa nini kila mtu ana hali yake.

"Kwa hiyo mkate ni uleule?" aliuliza Jiwe.

"Mkate ni uleule. Ila neva zinapiga hodi kwa nguvu zaidi. Wewe hujalegea, mwanangu. Lakini si kila maumivu ni ya homoni, ndiyo maana lazima useme, tukuangalie."

Walirudi na dawa za bibi, na maelekezo ya Jiwe: kitambaa cha moto tumboni, dawa kwa kipimo atakachopewa na mama baada ya kula, na kurudi kituoni kama maumivu yatamzuia kwenda shule. Baba alimwomba Domo radhi mbele ya wote, na Jumamosi akafunga duka mapema kwenda kumwona akidaka mipira. Jiwe aliomba radhi peke yake, kwa sauti ndogo. Domo alimjibu kwa hotuba ndefu, na hapo Jiwe akajua wamepatana.

Wiki tatu baadaye, wakati wa chai, Jiwe aliweka kikombe mezani. "Leo naumwa tumbo," alisema. Domo aliinuka, akaenda kutoa trei zote, zake na za dada yake. Hakusema neno.

Bibi alimvuta Jiwe akae karibu naye.

"Mimi nilipokuwa na umri wako niliuma kitambaa ili nisisikike," alisema. "Watu wakanisifu, na sifa zile hazikunipunguzia hata chembe ya maumivu. Mficha maradhi, mjukuu wangu, kifo humuumbua. Na wewe ulipoficha yako, uliniumiza mimi na ukamtwisha ndugu yako kosa lisilo lake. Mwiba ulioonyeshwa ndio unaotolewa. Haya, maliza chai, mama akupe dawa."

Jiwe akamaliza chai yake, taratibu, bila kuhangaika.