Mbwa wa Dorcus na Mbuzi Wangu

Mwaka wa 1934 tulikaa karibu na Kapkatet, katika nyumba ya vyumba sita vilivyopangana kwa mstari mmoja. Kuta zilikuwa za udongo na paa la nyasi. Uani palikuwa na jiko moja la watu wote, choo kimoja cha shimo, na kamba ya nguo tuliyoigombania kila Jumamosi. Ukiniuliza leo kama ningependa kurudi pale, nitakujibu ndiyo kabla hujamaliza kuuliza.

Kulipopambazuka, kengele ya shamba la chai ililia. Wachumaji walitoka na vikapu mgongoni, wakipumua moshi kwa baridi. Mchana upepo ulileta harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani. Harufu hiyo ingali ndani ya pua yangu, na nikiikumbuka huwa naona haya kidogo, kwa sababu ya jambo nitakalokusimulia.

Jina langu ni Yunia Bosibori. Nilitoka Gusii na mume wangu, Orina, aliyekuwa fundi wa kushona nguo katika veranda ya duka. Tulikuwa na mtoto mmoja, Mellen, wa miaka minne. Tulikuwa pia na mbuzi wawili na kuku watano. Hao walilala chumbani pamoja nasi, nyuma ya pazia la gunia. Usinicheke. Kwetu mbuzi analala ndani, karibu na moto. Ukimwacha nje, chui anakushukuru.

Mwenye nyumba, Mzee arap Ng'eno, aliyeishi juu kilimani, hakuona ubaya. Mbuzi ni mali, alisema. Sheria yake ilikuwa moja tu. Kila mpangaji aliyekuja aliambiwa mlangoni, kabla hata ya kusalimiwa vizuri: "Hapa kwangu, hapana mbwa."

Alikuwa na sababu yake. Zamani mpangaji mmoja alileta mbwa, na mbwa huyo akaua kondoo wake watatu kwa siku moja.

Mwezi wa Aprili, mvua zilipoanza, chumba kilichopakana na changu kilipata wapangaji wapya. Mume aliitwa Okello, naye alifanya kazi kiwandani. Mke aliitwa Dorcus. Walitoka upande wa ziwa. Dorcus alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alinisalimu vizuri sana. Nilimpenda siku hiyo ya kwanza.

Siku ya pili nilisikia mbwa ndani ya chumba chake.

"Dada Dorcus," nilimwita, "hicho ni kitu gani kinalia?"

Alinivuta kando. "Mama Mellen, tafadhali usiseme. Tulimwingiza asubuhi mapema, Mzee akiwa amepeleka ng'ombe mtoni. Tukisema ukweli, hakuna mtu anatupatia nyumba. Kwa laini za shamba, zile nyumba za wafanyakazi, wamekataa mbwa. Hapa senta, karibu na maduka, tumeuliza nyumba tano. Zote zimekataa."

"Basi mwacheni huyo mbwa."

Dorcus alitikisa kichwa. "Ilikuwa mbwa ya ndugu yangu, Obonyo. Homa ilimuua mwaka jana. Siku tulimzika, hii mbwa ililala juu ya kaburi, ikakataa chakula. Mimi ndiye nilienda kuibeba. Sina kitu kingine cha ndugu yangu."

Mbwa huyo aliitwa Ondiek. Kwa Kiluo maana yake ni fisi. Obonyo alimpa jina hilo kwa mzaha, kwa sababu alikuwa na madoadoa na alikula kila kitu. Niliahidi kunyamaza.

Lakini nilikuwa na mdomo siku hizo. Bado ninao.

Dorcus na Okello walipokwenda kazini, walimfungia Ondiek chumbani. Walidhani akifungiwa atakuwa siri. Mbwa gani anayejua siri? Alilia tangu kengele ya asubuhi mpaka alasiri. Alikwaruza mlango. Mimi niliyebaki nyumbani na mtoto nilisikia yote kupitia ukuta. Siku kumi zilipita, nikachoka.

Kisha Mellen akaanza kuchechemea.

Nilimkalisha nikatazama miguu yake. Vidole vilikuwa vimejaa funza. Nilihesabu saba katika mguu mmoja. Moyo wangu uliuma, na hasira ikafuata. Nani alikuwa mgeni katika nyumba hii? Mbwa. Kwa hiyo nani alileta funza? Mbwa. Hesabu yangu ilikuwa fupi hivyo. Nilijifunga leso, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee arap Ng'eno.

Mzee alikuja jioni na fimbo yake. Okello alipofungua mlango, Ondiek alitoka mbio akaenda kumnusa miguu.

"Okello," Mzee alisema, "mimi nilikuambia nini?"

"Ulisema hakuna mbwa, Mzee."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema sawa."

"Basi. Jumapili jioni sitaki kuona hii mbwa hapa. Kama mnaitaka, tokeni pamoja nayo."

Ilikuwa Jumatatu. Dorcus alinitazama. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na ningefurahi kama angenitukana.

Wiki ile yote Dorcus alitafuta nyumba. Akitoka kuchuma chai, alitembea mvuani, mlango kwa mlango, Ondiek akimfuata. Watu walimtazama mbwa kabla ya kumtazama yeye. Alirudi akiwa amelowa. Alhamisi nilimsikia kupitia ukuta akimwambia Okello, "Afadhali turudi nyumbani."

"Na kazi?" Okello aliuliza. "Nyumbani tutakula nini?"

Nilimsikia Dorcus akilia polepole, kama mtu asiyetaka kusikiwa. Mimi pia nilikosa usingizi.

Jumamosi alikuja Kepher, dresa, yaani mfunga vidonda, wa zahanati ya shamba. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kaptula iliyopigwa pasi na mfuko wa dawa begani. Jumamosi alizunguka nyumba hata nyumba akitoa watu funza. Alimkalisha Mellen juu ya mkeka. Alinawa mikono kwa sabuni, akaosha miguu ya mtoto, kisha akapitisha pini katika moto.

"Kila mtu na pini yake," alisema. "Pini ya jirani inaleta ugonjwa wa jirani. Na ukishamtoa funza, mchome motoni. Usimtupe chini."

"Daktari," nilimwambia, "funza hawa wameletwa na mbwa wa hapo pembeni."

"Umejuaje?"

"Kabla ya mbwa hatukuwa nao."

Kepher hakubishana. Alimaliza kazi yake, akasimama. "Hebu nione chumba cha mwenye mbwa."

Dorcus alifungua mlango. Kepher alipiga magoti akaitazama sakafu. Ilikuwa imekandikwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, ikakauka vizuri, bila ufa. Alimwita Ondiek, akamwinua mguu mmoja baada ya mwingine, akatazama katikati ya vidole.

"Nani anaangalia miguu ya huyu mbwa?"

"Mimi," Dorcus alisema. "Kila jioni. Ndugu yangu alikuwa anafanya hivyo."

"Hana funza hata mmoja. Sasa Mama Mellen, tuone chumba chako."

Niliingia mbele yake nikiwa na wasiwasi. Kepher alifungua pazia la gunia. Mbuzi wangu walimtazama. Sakafu ya pale nyuma ilikuwa vumbi tupu, limechanganyika na samadi kavu. Alishika kwato za mbuzi mmoja, akaniita nisogee karibu. Funza walikuwa wamejaa.

"Mellen hucheza wapi mvua ikinyesha?" aliuliza.

Sikutaka kujibu, lakini nilijibu. "Hapa. Na mbuzi."

"Kwenu Gusii mbuzi wanalala ndani, najua," Kepher alisema kwa upole. "Lakini kwenu nyumba ni kubwa, na mbuzi wana upande wao. Hapa ni chumba kimoja. Funza anakaa kwenye vumbi. Anaingia kwa mbuzi, kwa mbwa, kwa nguruwe, kwa panya, kwa mtu. Hachagui. Ukimfukuza mbwa na ukaacha vumbi, mwezi ujao nitarudi hapa na pini."

Dorcus alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Nilitamani ardhi inimeze mimi na mbuzi wangu.

"Nifanye nini?" niliuliza.

"Toa wanyama nje. Wajengee banda imara, lenye mlango, chui asiingie. Nyunyiza maji sakafuni, fagia, kisha kandika. Rudia kila wiki. Osha miguu ya mtoto kwa sabuni kila jioni."

Kisha akamgeukia Dorcus. "Na wewe, dada, una makosa yako. Ulimficha mbwa. Mwenye nyumba aliyedanganywa hasikii maneno mazuri tena. Tena umemfungia mbwa ndani siku nzima. Lazima alie. Mfunge nje penye kivuli, kwa kamba ndefu, na maji karibu. Mtembeze kabla ya kazi na baada ya kazi. Mavi yake yafukie mbali na kisima. Usimpe matumbo mabichi, maana yanamletea minyoo, na minyoo hiyo inaweza kuwafikia watu. Halafu nenda ukamwambie Mzee haya yote kwa mdomo wako, kabla hajauliza."

"Mzee hatanisikia," Dorcus alisema.

Hapo nilifungua mdomo wangu, safari hii kwa kazi nzuri. "Atanisikia mimi. Mimi ndiye nilishtaki."

Okello alirudi kutoka kiwandani na sanduku kuukuu la chai, lile la mbao nyembamba. Lilikuwa limevunjika upande mmoja, na karani alimruhusu alichukue. Alilitoboa mlango, akaliinua juu ya mawe manne maji yasiingie, akaliwekea nyasi kavu. Ubavuni lilikuwa na maandishi meusi ya kiwanda. Ondiek aliingia, akajizungusha mara tatu, akalala. Orina naye aliacha cherehani yake akaanza kukata miti ya banda la mbuzi. Mimi na Dorcus tulikanyaga udongo pamoja. Hatukuzungumza mengi. Wakati fulani alinirushia tope usoni, nikajua nimesamehewa.

Jumapili baada ya kanisa Mzee arap Ng'eno alikuja na fimbo yake. Alikuta wapangaji wote uani, na Ondiek amefungwa mbele ya sanduku lake.

"Nilisema Jumapili," alianza.

"Mzee," nilisema, "kabla hujamfukuza mbwa, nifukuze mimi. Funza walitoka kwangu. Nilimsingizia."

Nilimwonyesha banda na sakafu yangu mpya. Nilimwonyesha miguu ya Mellen. Mzee alitazama yote bila haraka. Kisha Dorcus alisogea mbele, akainamisha kichwa.

"Mzee, tulikudanganya. Pole. Sasa nasema wazi. Mbwa italala nje. Mchana itakaa kwa kamba. Mavi nitafukia mwenyewe. Ikiuma mtu au ikigusa kondoo yako, tutatoka siku hiyo hiyo. Majirani wamesikia."

Mzee alikwenda kwenye sanduku, akavuta kamba kwa nguvu kuona kama itakatika. Haikukatika. Ondiek alimlamba mkono.

"Mwezi moja," alisema. "Nitaangalia mwezi moja. Na nyinyi wote, mbuzi, kuku, nini nini, nje! Hapa si zizi."

Mwezi ulipita, na miaka minne ikafuata. Kufikia Agosti ya mwaka ule ule hapakuwa na mtoto anayechechemea uani kwetu. Dresa Kepher akija Jumamosi, alikunywa chai tu, pini yake mfukoni. Msimu wa baridi chui alikuja mara moja kulizunguka banda la mbuzi. Ondiek alipiga kelele mpaka wanaume wakatoka na mienge, na mbuzi wangu wakapona. Tangu hapo Mzee aliacha kusema "hapana mbwa." Mpangaji mpya akija, alimuuliza, "Uko na mnyama gani? Italala wapi? Nani itaiosha?" Na aliyejibu ukweli alipata chumba.

Dorcus alikuwa amesoma shule ya misheni kule kwao. Jioni tukisubiri maharagwe yaive, alinifundisha herufi kwa kijiti, juu ya majivu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilijifunza kusoma nikiwa na mwiko mkononi. Ninyi mnaosoma haya leo, mkiwa mnaanza kama nilivyoanza, jueni kwamba inawezekana.

Mwaka wa 1938 Okello alipata kazi kwenye kinu cha posho huko Sigor. Mwenye nyumba wa kule alituma maneno kwamba chumba kipo, ila mbwa hataki. Mzee arap Ng'eno aliposikia, alikasirika kama aliyetukanwa yeye. Alikuja mlangoni kwangu.

"Yunia, wewe unajua kuandika. Andika."

Nilichukua karatasi na penseli ya Orina. Mzee alisimama wima, akasema, nami nikaandika kama alivyosema:

"Kwa mwenye nyumba wa Sigor. Salamu. Mimi ni arap Ng'eno wa Kapkatet. Hii mbwa imekaa kwangu miaka nne. Haijauma mtu. Haijagusa kondoo. Inalala nje ndani ya sanduku yake. Mama yake inaiosha na inafukia mavi. Hawa ni watu wa kweli. Ukiwanyima chumba, wewe ndiye umepata hasara."

Ilikuwa barua ya kwanza niliyoandika maishani mwangu. Nilifuta machozi kwa leso yasianguke kwenye karatasi. Nilitaka Dorcus apate nyumba, na nilitaka sana asiondoke. Nilipokunja barua ile niliomba kimoyomoyo, Mungu anisamehe, kwamba huko Sigor wamkatae.

Walimkubali.