Mlango Mdogo wa Bati

Kila siku akitoka shule, Kijiko alivua sare, akafua soksi, akafagia ukumbi, kisha akawahi kiti cha kompyuta kabla hakijapoa joto la dada yake. Jina lake halisi lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa. Kijiko ni jina alilopewa tangu alipokataa kulishwa kwa kijiko cha mtu mwingine, na sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na bado alikificha chake nyuma ya vikombe.

Kompyuta ilikaa katika chumba cha mwisho cha ujia, karibu na dirisha. Pazia lilifungwa muda wote ili jua lisipige kwenye skrini, kwa hiyo hata saa nane mchana chumba kile kilikuwa na giza la magharibi. Juu ya rafu kulikuwa na nyumba ndogo ya maboksi ambayo Kijiko aliitengeneza kwa somo la kazi za mikono. Ilikuwa na paa la kadibodi, madirisha ya karatasi, na mlango wa bati ambao mwalimu aliusifia mbele ya darasa zima.

Mama alikuwa muuguzi, na mchana alikuwa kliniki. Dada alitumia kompyuta asubuhi kuchora michoro ya vitambaa, akaenda kwenye masomo yake mchana. Ijumaa alitakiwa kutuma michoro hiyo chuoni, na ndiyo ingeamua kama angepata nafasi au la. Basi mchana nyumba nzima ilikuwa ya Kijiko, na kimya chake chote.

Alicheza gemu la mtandaoni liitwalo Bonde la Walinzi. Humo alikuwa Mshika Taa, shujaa mwenye joho refu anayeingia mapangoni bila kupepesa jicho. Nje ya gemu, Mshika Taa huyohuyo alikuwa akiomba asindikizwe chooni umeme ukikatika. Lakini hayo hatukuyasema sisi.

Siku hiyo alicheza na binamu yake, mtoto wa shangazi, aliyekuwa kwao na kompyuta yao. Wakaongea kwa hedifoni. Binamu aliitwa Jenerali, kwa kuwa tangu utotoni alitoa amri hata kwa kuku.

"Nenda kisimani," Jenerali akaamuru. "Kuna bibi pale atakupa kazi."

Kijiko akaenda. Bibi wa kisimani alikuwa ameinama, kampa mgongo. Akaanza kugeuka polepole. Likaonekana sikio, likaonekana shavu, likaonekana nusu ya jicho.

"Wewe," bibi akasema, "nime..."

Picha ikaganda. Ikasogea kidogo, ikaganda tena. Mdomo wa bibi ulibaki wazi, na ile nusu ya jicho ikabaki imemkazia Kijiko.

"Jenerali, mtandao wenu mbovu. Bonde limeganda."

"Kwangu liko shwari," Jenerali akajibu. "Maji yanatiririka, mbuzi wanatembea. Wewe tu ndiye umesimama. Umesimama unanitazama."

"Sikutazami. Mimi nimeelekea kisimani."

"Sasa anayenitazama ni nani?"

"Acha utani wako."

"Sitanii. Halafu mwambie huyo anayegonga hapo kwenu aache, ananipotezea mawazo."

"Nani anagonga?"

"Huko kwako. Tk, tk, tk. Namsikia kwenye maikrofoni yako."

Kijiko akakaza mkono juu ya kipanya. "Jenerali, niko peke yangu."

Kisha Jenerali, mkuu wa majeshi yote ya bonde, akasema kwa sauti nyembamba, "Naona mama ananiita," akatoweka.

Kijiko akavua hedifoni. Chumba kilikuwa kimya. Vumbi lilielea kwenye mstari mwembamba wa mwanga uliopenya pembeni ya pazia. Kisha akasikia, karibu kabisa na goti lake: tk, tk, tk, tk. Akashusha mkono taratibu, akagusa boksi la kompyuta. Lilikuwa la moto kama paji la uso la mgonjwa.

Alitoka mbio na kiatu kimoja. Mama aliporudi alimkuta amekaa barazani, akijidai anahesabu mawingu.

Kesho yake ilikuwa vilevile. Kila alipofika kisimani bibi aligeuka, akasema "Wewe, nime...", na dunia ikasimama. Usingizini Kijiko alimalizia sentensi ile kwa njia nyingi, na zote mbaya. Iliyomsumbua zaidi ilikuwa "nimekuona". Kwa nini hiyo? Subirini, tutafika.

Siku ya mapumziko ya mama, alimwita mdogo wake aliyekuwa fundi wa kompyuta. Watoto wote wa ukoo walimwita mjomba Washa-Zima, kwa sababu hata ukimwambia una mafua atakushauri uzime kwanza, kisha uwashe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Ulizima ukawasha?"

"Nilizima, nikawasha."

"Basi hili ni jambo zito." Akaketi, akakunja mikono ya shati. Mama na dada wakasimama mlangoni. Mjomba akapapasa stika ya duka iliyoziba ubavu wa boksi. "Hii mashine ni mpya, waranti ipo. Nikiichana hii stika, duka halitaitengeneza bure tena. Kwa hiyo nataka kujua kabla sijagusa kitu. Kuna yeyote aliyeichokoa?"

"Mimi, hapana," akasema dada.

"Kijiko?"

Kijiko alitazama dari. Akatazama ukucha wa kidole gumba. Alitazama kila kitu chumbani humo isipokuwa rafu yenye nyumba ya maboksi. Ule mlango wa bati uliosifiwa na mwalimu ulikuwa kibati kilichoziba tundu nyuma ya kompyuta. Aliifungua skrubu yake kwa ncha ya kisu cha mezani siku moja alipokuwa peke yake, akiwaza kwamba kitu kidogo kilichokaa nyuma, tena gizani, hakina wa kukiulizia.

"Hakuna aliyeigusa," akasema.

Mjomba akamwamini. Kwa nini asimwamini? Akaanza kazi.

"Bibi akiganda wenzako wanaendelea kutembea, kwa hiyo tatizo haliko kwenye mtandao," alieleza. "Ni mashine hii inazidiwa na picha. Tutaipunguzia mzigo, jambo moja baada ya jingine, ili tujue lipi limesaidia. Tuanze na vivuli."

Akabonyeza. Bondeni vivuli vyote vikatoweka. Miti ilisimama bila kivuli. Mbuzi wakapita bila vivuli. Watu wakatembea juu ya mchanga mweupe bila kuacha alama yoyote ya weusi miguuni, na mama akajikuta anasema, "Mbona wamekuwa kama marehemu?"

Picha ikaganda.

"Sasa umbali wa kuona," akasema mjomba. Milima ikafutika. Ukungu ukashuka, ukameza nyumba za mbali, ukasogea hadi ukingo wa kisima. Bibi akabaki peke yake ndani ya weupe ule, bila kivuli, akigeuka. Likaonekana sikio. Likaonekana shavu.

"Wewe, nime..."

Tk, tk, tk.

Mjomba akainua mikono kutoka kwenye meza kama aliyeguswa. Sauti ikaja tena, kutoka ndani ya boksi, taratibu, kama kucha juu ya bati.

"Hiyo ni nini?" mama akanong'ona.

"Ni... diski," mjomba akajibu, lakini kiti chake kilikuwa kimerudi nyuma chenyewe. Akakohoa, akatafuta ufundi wake pale ulipodondoka. "Kama kweli hakuna aliyeigusa, ndani ni safi. Kwa hiyo kosa liko kwenye programu. Na programu nzito humu ni moja tu, ya kuchorea. Inawaka yenyewe kila mashine ikiwashwa, inakula nguvu zote. Lazima itoke."

"Mjomba!" Dada akapiga hatua mbele. "Michoro yangu haifunguki kwa programu nyingine. Natuma Ijumaa!"

"Mwanangu, mashine inachemka," mama akasema. "Ikiungua, michoro utaifungulia wapi? Na sina uwezo wa kununua nyingine. Kama programu yako ndiyo inayoiua, itolewe."

"Sijafanya kitu chochote, mama."

"Sikusema umekusudia."

Dada aliufungua mdomo, ukabaki wazi bila neno kutoka, na jicho moja likajaa machozi. Kijiko akaganda. Uso ule alikuwa ameuona. Alikuwa anauona kila siku pale kisimani.

Kwenye skrini kikatokea kisanduku: Una hakika unataka kuiondoa? Mjomba akasogeza kipanya kuelekea kwenye Ndiyo.

"Mjomba, ngoja!"

Sauti ya Kijiko ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Akapanda juu ya kigoda, akaishusha nyumba ya maboksi, akabandua mlango kwa kidole. Gundi ilikataa kidogo, kisha ikakubali.

"Hiki kimetoka nyuma ya kompyuta," akasema, machozi yakimshinda. "Nilikifungua mimi. Siku ile ya kazi za mikono. Dada hana kosa. Mimi ndiye niliyeichokoa."

Mjomba akakiangalia kibati kilichopakwa rangi ya buluu, chenye kitasa cha shanga. Alichukua tochi, akapiga magoti, akaigeuza kompyuta taratibu, akamulika tundu lililoachwa wazi.

Ndani ya tundu, macho mawili yakamtazama.

Mjomba Washa-Zima akapiga kelele ambayo, kwa heshima ya ukoo, hatutaielezea. Akarudi nyuma, akamkanyaga mama, mama akamkanyaga dada.

"Kuna mtu!" akahema.

"Mtu gani anaenea humo?" Mama akampokonya tochi, akachungulia yeye mwenyewe. Muuguzi ameona mengi. "Zima mashine. Chomoa na waya. Chana hiyo stika."

"Waranti, dada yangu..."

"Chana."

Akaichana. Kifuniko kilipotoka, pumzi ya joto iliwapiga usoni. Ndani, juu ya mabati ya vuguvugu, alilala mjusi wa rangi ya maziwa, mmoja wa wale wanaoshinda ukutani karibu na taa. Hakuwa na mkia. Mkia ulikuwa umenasa kwenye mapanga ya feni ndogo inayopoza sehemu ya kuchora picha, umekauka kama kamba, ukaizuia feni isizunguke. Pembeni, kwenye kona yenye joto zaidi, yalikaa mayai mawili meupe, ya mviringo kama peremende. Mjusi akainua kichwa akawaangalia wote wanne. Tk, tk, tk, akasema, kama mwenye nyumba anayeuliza kwa nini hawakubisha hodi.

Dada ndiye aliyeanza kucheka, machozi bado yako shavuni. Kisha mjomba. Kijiko alijaribu, kicheko kikamgomea.

"Kumbe ni hivi," mjomba akasema, akiuchomoa mkia kwa koleo dogo. "Picha zikiwa nzito sehemu hii hupata joto. Feni ikishindwa kuipoza, mashine inapunguza kasi isiungue. Ndipo bibi yako anapoganda. Nami nilikuwa naifuta kazi ya mtu kwa ajili ya mkia."

Mama akaketi ukingoni mwa kitanda kilichokuwa pembeni, akamvuta Kijiko karibu.

"Kliniki kila siku namuuliza mgonjwa, umekunywa dawa gani kabla ya kuja? Kuna anayeona aibu, anasema hakuna. Nikimwamini, nampa nyingine juu ya ile, naye anazidi kuumwa. Unajua nimefanya nini? Nimetibu mwili alionisimulia, na mwili huo haupo. Mjomba wako leo alitengeneza kompyuta uliyomsimulia wewe."

"Samahani, mama."

"Anza kwa dada yako." Kijiko akaomba radhi. Dada akamfinya shavu, lakini si kwa nguvu zote. Mama akaendelea: "Kuchukua kibati lilikuwa kosa la kutosha kwenye kiganja. Ulipolificha, likakua mpaka likataka kummeza mtu asiyehusika. Anayejaribu kukusaidia mpe ukweli wote mwanzoni, hata ule wenye aibu. Hasa ule wenye aibu. Leo umechelewa kidogo, ila umesema kabla Ndiyo haijabonyezwa, na mimi nimekuona. Sasa, hakuna gemu mpaka dada atume michoro yake."

Kibati kikarudi mahali pake, na rangi yake ya buluu na kitasa chake cha shanga. Feni ikazunguka. Ijumaa dada akatuma michoro yote.

Jumamosi Kijiko alirudi kisimani. Milima ilikuwapo, na kila mtu alikuwa na kivuli chake. Bibi akageuka: sikio, shavu, jicho, na safari hii uso mzima, mpole na wenye makunyanzi.

"Wewe," akasema, "nimechoka. Nibebee ndoo hii."

Kijiko akaibeba.

Mayai? Mjomba aliyahamishia kwenye nyumba ya maboksi, juu ya pamba, akairudisha kwenye rafu, pale jua la asubuhi linapopenya pembeni ya pazia, na mjusi mwenyewe akamwachia ukutani. Mwalimu alipouliza mlango umekwenda wapi, Kijiko alimweleza kila kitu tangu mwanzo. Wiki zikapita. Mchana mmoja wa kimya, siku ya mapumziko ya mama, pazia limefungwa, sauti nyembamba ikasikika kutoka kwenye rafu: tk, tk, tk.

"Kijiko!" mama akaita kutoka ukumbini. "Nani huyo anagonga?"

Kijiko akainua macho. Kwenye nyumba isiyo na mlango, vichwa viwili vidogo vilikuwa vinamchungulia.

"Wenye nyumba, mama."