Upepo Uliobaki Bundukini

Maji yalikuja jua likiwaka. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, si huku karibu na kijiji cha Malambo, na gari lilizimika katikati ya korongo kabla Vedasto, daktari wa mifugo, hajaelewa ule mngurumo ni wa nini. Alimvuta msaidizi wake Dorkasi wakapanda tuta la mawe lililozungukwa na maji. Mguu wa Dorkasi ulikuwa umebanwa na mlango, mfupa umevunjika chini ya goti. Gari lilibiringishwa mbele ya macho yao.

Waliokoa begi la dawa, kamba nene ya kuangushia ng'ombe, na bunduki ya upepo ya kurushia sindano.

Ng'ambo alisimama Sitonik, mfugaji aliyewaita, na fahali wake mgonjwa. Kuogelea maji yale ilikuwa kujiua.

"Yanapanda," Dorkasi alisema.

Vedasto alifunga uzi wa kushonea vidonda kwenye sindano tupu, akalenga ng'ambo, akafyatua. Sindano ilipaa mbali sana, bila uzi. Ulikatikia mdomoni mwa bunduki. Akarudia, ukakatika tena, na geji ya upepo ikashuka vibaya.

"Ina nguvu mno," Dorkasi alisema huku ameuma meno. "Si uliikaza mwenyewe?"

Aliikaza, ndiyo. Kwake Endamarariek alizungusha skurubu ya springi hadi ikagoma, akajisifu kwamba sasa atamdunga fahali yeyote akiwa mbali. Jamani, daktari wa ng'ombe anayeogopa ng'ombe! Springi ile ilifanya nyundo ya ndani iipige kwa hasira valvu inayotoa upepo, na kila mrusho ukameza upepo wa mirusho mitatu. Sasa mtungi wa upepo wa bunduki ulikuwa karibu mtupu, na pampu ya kuujazia imekwenda na gari.

Maji yaligusa kiatu cha Dorkasi. Akaanza kulia. "Kaka, usiniache hapa."

"Siendi popote, dada."

Alitoa spana ya L begini. Ikamponyoka, akaidaka ukingoni mwa maji. Alilegeza skurubu, akalegeza tena, akafyatua. Mlio ulikuwa mdogo kama kikohozi. Sindano ilianguka majini, lakini uzi ulikuwa mzima, na geji haikusogea sana. Akaivuta, akakaza skurubu kidogo tu. Alijua upepo uliobaki hautoshi kukosea tena.

Safari hii uzi ulipita juu ya maji, ukalala kichakani karibu na Sitonik.

"Vuta polepole!"

Uzi uliunganishwa na kamba nyembamba ya kufungia maboksi ya dawa iliyokuwa begini, nayo ikavuta ile nene. Sitonik akaizungushia mti. Vedasto alimfunga Dorkasi mgongoni, akaingia majini akiishikilia kamba. Katikati maji yaliwafunika wote wawili, mikono yake ikaanza kuachia. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa pembe yoyote. Kisha mkono wa Sitonik ukamkamata kola.

Walifunga mguu wa Dorkasi kwa vijiti. Sitonik akapiga simu, gari likaahidiwa kutoka Malambo.

"Hiyo bunduki ilikuwa ya nini?" Sitonik aliuliza.

"Ya fahali wako. Ili nimdunge kwa mbali."

Sitonik alishangaa kweli. Akamwendea fahali, akamshika pembe na pua, mnyama akatulia. "Mimi ningemshika. Hukuuliza tu, Daktari."

Dorkasi, machozi bado yamemlowesha mashavu, alifungua begi akampa Vedasto bomba la sindano lenye dawa. Vedasto alisogea, akaweka kiganja kwenye shingo ya fahali yenye joto, akadunga kwa mkono wake.