Mchumba Asiyejua Rivasi

"Uko wapi?"

"Nimeshafika, mpenzi. Niko hapa hapa."

"Hapa hapa wapi? Nimesimama getini, gari silioni. Naona paka tu."

"Angalia mwanzo wa kichochoro. Umeniona?"

Alimwona. Kinyozi alikuwa anakuja kwa miguu, shati limemganda mgongoni, funguo za gari zinaning'inia kidoleni ili asije mtu akasahau kwamba analo.

"Na gari?" Mwalimu aliuliza, mikono kiunoni.

"Nimeliacha kituo cha mafuta."

"Linajazwa?"

"Linapumzika."

"Gari linapumzika, mwenye gari anatembea! Haya, twende. Viatu hivi nilivinunua kwa ajili ya kukaa ndani ya gari, kumbe nimevinunulia vumbi."

Kinyozi alicheka kicheko cha mtu anayeumwa jino. Angesema nini? Alikuwa na gari, alikuwa na leseni, alikuwa na mchumba ambaye angemfuata hata kwa mkokoteni. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, na hicho hakuna aliyekijua. Kinyozi hakujua kupiga rivasi.

Msimcheke kwanza. Siku ya mtihani wa udereva mvua ilishuka kama imetumwa, na mkaguzi hakuwa na mwavuli. Akamtazama Kinyozi akienda mbele, akikata kulia, akisimama, akasema, "Inatosha, kijana, umefaulu." Mambo ya kurudi nyuma yakabaki kwenye mvua.

Karaha nyingine zote za gari alizivumilia. Binamu ambaye hakuwahi kumjulia hali alianza kupiga simu kila Jumapili kuuliza, "Leo mnaelekea upande gani?" Kila mteja aliyekaa kwenye kiti cha kunyolewa aligeuka fundi magari. Ndege wa mtaa mzima walikubaliana pa kwenda haja, na mkono usiojulikana uliandika NIOSHE kwenye vumbi la kioo cha nyuma. Yote alimeza. Lakini rivasi ilimnyima usingizi. Maduka aliyachagua kwa kuangalia kama yana mlango wa kutokea. Siku moja aliingia kwa makosa kwenye foleni ya kuoshea magari, akashindwa kurudi, ikabidi gari lioshwe mara ya pili mchana ule ule.

Na nyumbani kwa kina Mwalimu palikuwa mwisho wa kichochoro: ukuta huku, ukuta huku, na geti la Baba limeziba mbele. Pa kugeuzia hapakuwapo. Aliyeingia kwa uso alitoka kwa kisogo.

"Kuna jambo," Mwalimu alisema walipofika barabarani. "Baba amekubali. Jumamosi uje useme lililokuleta."

"Alhamdu..."

"Subiri, sijamaliza. Amesema uje na gari lako hadi getini."

Moyo wa Kinyozi ulizima kama injini iliyokosa mafuta. "Kwani Baba anaoa gari?"

"Anasema mwanamume anayeficha gari lake anaogopa lionekane. Akaniuliza, 'Lionekane na nani?'" Mwalimu alisimama, akamtazama usoni. "Asipoliona gari getini, mazungumzo hayapo. Na mimi, kusema kweli, nimechoka kukutetea."

*

Kesho yake Shangazi alikuja kunyolewa. Huyu ni dada yake Baba, dereva wa basi la wanafunzi, mwanamke wa nywele fupi na kauli fupi. Kinyozi alipomaliza, akashika kioo cha mkononi nyuma ya kichwa chake ili aone kisogo, kama kawaida. Kioo kikatetemeka.

"Mwanangu, una homa?"

"Shangazi, nina siri."

"Basi ifunge au ifungue, usinitikisie kioo."

Akaifungua. Shangazi alicheka mpaka kitambaa cha kunyolea kikadondoka shingoni.

"Ndiyo maana gari linalala kituo cha mafuta! Na sisi tulidhani una mke huko! Mbona husemi tu?"

"Nitamwambiaje Mwalimu? Siku niliyonunua gari nilimwambia nimezaliwa na usukani mkononi."

"Njia ya mwongo fupi, baba. Na yako ina ukuta mwishoni."

"Nifundishe. Lakini apa kwamba humwambii mtu."

"Nikisema, basi langu lipasuke matairi yote. Alfajiri, uwanja wa mpira, kabla sijawapitia watoto. Usichelewe."

Asikudanganye mtu, yale hayakuwa masomo, yalikuwa adhabu. Shangazi alipanga ndoo mbili, akakaa kiti cha pembeni.

"Unaangalia wapi?"

"Nyuma, Shangazi."

"Kwa macho gani? Umeyafumba!"

"Naogopa kuona."

Ndoo ya kwanza ikalia *kwa!* Ya pili ikaviringika hadi golini. Shangazi akaweka mkono wake juu ya mkono wa Kinyozi kwenye gia, akaubana.

"Sikiliza. Kila siku unamshikia mtu kioo nyuma ya kichwa. Ukitaka aone upande wa kulia wa kisogo chake, unafanyaje?"

"Nakisogeza kioo. Polepole."

"Unakurupuka?"

"Hapana, nitamkata sikio."

"Haya. Gari hili lina vioo vitatu na kisogo kimoja. Acha kupigana nalo. Linyoe!"

Kinyozi akavuta pumzi, akaangalia kioo, akaliachia gari lirudi kwa upole wa wembe. Lilipita katikati ya mahali ndoo zilipokuwa. Alipiga kelele za furaha kama aliyefunga goli, akamkumbatia Shangazi.

Nje ya uzio, jirani mmoja waliyembandika jina la Darubini alikuwa anafanya mazoezi ya kukimbia. Akaacha kukimbia.

*

Ujumbe uliingia Kinyozi akiwa ameshika mashine juu ya kichwa cha mteja.

*"Darubini amekuona. Uwanjani, alfajiri, na mwanamke, uso hakuuona kwa giza. Mkono juu ya mkono, halafu mkakumbatiana. Usinipigie."*

Akapiga. Haikupokelewa. Akaandika: *"Mpenzi, sivyo unavyofikiri."*

*"Hiyo sentensi wanaume mnazaliwa nayo. Jumamosi usije."*

Mteja alijitazama kwenye kioo, akaona mstari mweupe umekatiza utosi mzima. "Kaka, huu ni mtindo?"

"Ndiyo mpya," Kinyozi alisema, macho kwenye simu. Hakumtoza.

Jioni simu ikaita. Alikuwa Shangazi, ananong'ona.

"Mwanangu, mwenzio yuko sebuleni kwangu, analia. Anataka nimsaidie kumtafuta huyo mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Mimi!"

"Ya Rabi. Umemwambiaje?"

"Nimempa chai. Ningemwambiaje, nami nimeapa? Anasema akimpata atamnyoa kipara. Nimekaa hapo namtikisia kichwa, namwambia, 'Wanawake wengine hawana haya.'"

"Shangazi!"

"Hujasikia lililo kubwa. Kesho alfajiri anakwenda uwanjani kuwafumania, na anataka niende naye niwe shahidi."

Kinyozi alikaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea. Kwenye kioo aliona mtu aliyempoteza mwanamke anayempenda kwa sababu ya aibu ya gia moja.

"Nenda naye, Shangazi."

"Una hakika? Nijifanye mguu unaniuma..."

"Mlete. Nimechoka kwenda mbele tu."

*

Alfajiri basi la wanafunzi liliingia uwanjani taa zinawaka. Mwalimu akaruka chini kabla halijasimama vizuri. Kinyozi alikuwa amesimama kati ya ndoo mbili, peke yake.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinifanyie hivyo, mimi nafundisha darasa la kwanza, uongo naujua tangu haujaota meno! Yuko wapi huyo mwanamke?"

Kinyozi akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama mbingu, kama mtu anayetafuta mvua.

"Umekuja naye," Kinyozi alisema.

"Nani kaja naye?"

"Wewe."

Mwalimu aligeuka taratibu. Shangazi akakohoa.

"Shangazi?"

"Mwanangu, mimi nilikunywa chai na wewe kwa uchungu mwingi."

"*Shangazi!*"

"Ananifundisha," Kinyozi aliwahi. "Sijui kurudi nyuma."

Mwalimu akamkazia macho.

"Kwenye mapenzi?"

"Kwenye gari. Rivasi. Siijui. Sikuwahi kuijua. Kichochoro chenu nikiingia sitoki, nitazeeka humo. Ndiyo maana ya kituo cha mafuta, ndiyo maana ya kutembea. Nilikudanganya, nikaona haya kuurudisha nyuma uongo wangu."

Alingoja acheke. Mwalimu hakucheka. Machozi yalimjaa, na sauti yake ikawa ndogo.

"Unajua mimi niliwaza nini muda wote huo? Niliwaza unaona haya kuonekana kwetu. Geti letu lina kutu, ukuta umebomoka. Nikasema, huyu siku hizi ana gari, kichochoro chetu hakimtoshi tena. Nilikuwa napaka rangi viatu vyangu ili nifanane na gari lako."

"Mwalimu..." Kinyozi alimsogelea. "Ningeliuza hili gari leo leo. Niliona haya kuonekana mjinga mbele yako."

"Mjinga ni anayejua jibu la mwenzake bila kumuuliza. Na mimi pia nimo." Akafuta machozi kwa kiganja, akanyoosha mgongo, akawa mwalimu kamili. "Panda. Rudi nyuma. Nione."

"Sasa?"

"Darasa halingoji."

Alipanda. Kwa wasiwasi akagonga ndoo zote mbili, na ya tatu ambayo haikuwamo kwenye somo, ya mtunza uwanja. Hapo ndipo Mwalimu alipocheka, akacheka hadi akaegemea basi, na Shangazi akapiga honi ya basi kwa furaha.

"Shangazi," Mwalimu alisema akipata pumzi, "kipara bado nakudai."

"Nikate tu, mwanangu. Kinyozi tunaye nyumbani."

*

Jumamosi kichochoro kilijaa macho. Darubini alijitafutia kiti mapema. Watu walitarajia kuona uso wa gari. Wakaona taa za nyuma.

Kinyozi alikuwa anaingia kwa kisogo. Hilo lilikuwa wazo la Mwalimu. "Ingia kwa rivasi ukiwa bado na nguvu," alimwambia, "ili wakati wa kutoka uende mbele kama bwana." Alikuwa amekaa kando yake, mkono wake juu ya mkono kwenye gia, mchana kweupe, na Darubini aone vizuri.

"Kioo."

"Naangalia."

"Usikurupuke."

"Nalinyoa, mpenzi, nalinyoa."

Ukuta wa kulia ukapita. Ukuta wa kushoto ukapita. Watu wakaanza kushangilia, na kushangilia ndiko kulikomponza. Kinyozi akainua macho kuwapungia.

*Ngo!*

Bampa likalibusu geti la Baba. Darubini akainuka kitini. Kinyozi akafumba macho.

Kutoka ndani ikaja sauti nzito ya Baba:

"Karibu!"

Geti likafunguliwa kwa shida, maana lilikuwa limebonyea. Kinyozi akashuka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Baba alilizunguka gari, akalitazama kila upande. "Ndilo hili?"

"Ndilo, Baba."

"Mbona limeelekea nje? Anayegeuza gari kabla ya kukaa amejiandaa kukimbia."

Uongo mzuri ulimjia Kinyozi, akauacha upite.

"Hapana, Baba. Nimejiandaa kuondoka na mtu. Nikipewa. Na kama niliingia hivi, ni kwa sababu kutoka kwa rivasi bado sijui vizuri. Ninajifunza. Binti yako ndiye anayenifundisha."

Baba akamtazama binti yake. Binti akatazama chini, akitabasamu. Baba akamtazama dada yake, Shangazi, ambaye alikuwa anaitazama mbingu tena.

"Ingia ndani," Baba alisema. "Maneno yako yana njia."

Walioana kabla ya mwaka kugeuka. Gari lilitoka kichochoroni kwa uso, bibi harusi kiti cha mbele, Shangazi nyuma na kofia, kwa sababu deni lilikuwa limelipwa. Ukuta ulikandikwa upya na geti likapakwa rangi. Fundi alipotaka kulinyoosha pale lilipobonyea, Baba alimzuia. Hadi leo mgeni akiuliza kuna nini hapo, mzee huweka kiganja juu ya kile kishimo na kumwambia:

"Hapo ndipo mkwe wangu alipopiga hodi."