Sikutaja Jina Lako

“Jina lake sitalitaja,” Nobert alisema kwenye maikrofoni, mkono kifuani. “Hiyo ndiyo sheria ya kamati yetu. Lakini kisa chake nitawaambia.”

Ukumbi wa chuo pale Kasese ulijaa wanafunzi na walimu wao. Ilikuwa Siku ya Afya ya Akili, wageni kutoka Kampala wamekaa mbele na chupa zao za maji, na Mwalimu Nobert, mkuu wa kamati ya afya ya akili, ndiye aliyekuwa akitazamwa na kila mtu. Mchumba wake Emérance, mwalimu wa Kifaransa chuoni hapo, alikuwa amekaa katikati ya walimu wenzake akitabasamu. Jumamosi ile watu wa Nobert walikuwa wanakwenda Bwera, kwa kina Emérance, kupeleka mbuzi wa mahari. Alikuwa na haki ya kutabasamu.

“Kuna mwalimu mmoja hapa hapa chuoni,” Nobert akaendelea. “Ni dada yetu. Kaka yake aliuawa shambani upande wa Beni, huko Kongo. Tangu hapo akisimama mbele ya darasa maneno yanamkimbia. Akitaka kulia anajifungia bafuni na kufungua bomba, mama yake asimsikie. Vidonge vyake anavificha ndani ya kopo la majani ya chai.”

Tabasamu la Emérance likaishia hapo.

Sasa niambieni ninyi mnaosoma, chuo kile kina walimu wangapi wa kike waliofiwa na kaka kule Beni? Yuko mmoja tu, na alikuwa amekaa pale pale. Shingo zikaanza kugeuka, moja moja, kisha safu nzima.

“Si ni Madam Emérance?” msichana wa nyuma alinong'ona.

“Ndiyo maana siku ile alituacha darasani akatoka,” mwenzake akajibu.

Nobert alipigiwa makofi mpaka akajifuta jicho.

Emérance alimkuta nyuma ya ukumbi, bado anapeana mikono na watu. Akamvuta pembeni.

“Umefanya nini, Nobert?”

“Umeona walivyoguswa? Yule mama wa Kampala alilia kabisa.”

“Wamenitazama mimi. Wote.”

“Sikutaja jina lako.”

“Ulitaja kaka. Ulitaja Beni. Ulitaja bafuni. Kopo la chai lilikuwa siri yetu sisi wawili.”

“Emérance, usiniharibie siku. Wale wa Kampala wanataka kunipa uratibu wa vyuo vyote vya upande huu. Unaelewa maana yake kwetu?”

“Kwetu?”

“Kwetu, ndiyo. Naoa nani, si wewe?”

Nisimsingizie Nobert. Alimpenda. Habari ya kifo cha Gracien, kaka yake Emérance, ilipofika, alipanda boda boda kutoka Kasese mpaka Bwera mvua ikimpiga mgongoni, akakaa na Emérance matangani mpaka watu walipotawanyika. Yeye ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa Madame Benedicte, mshauri wa chuo, akamwambia kuumwa kichwani si aibu. Kwa neno hilo Emérance alimmwagia kila kitu, hata yale aliyomficha mama aliyemzaa. Mtu akishakuona ukilia namna ile na asikimbie, unamwamini mpaka unajisahau. Ndivyo tulivyo, na ndivyo tunavyoumizwa.

Kesho yake Emérance aliingia darasani akakuta ubaoni pameandikwa: MADAM UMEKUNYWA DAWA? Hakuna aliyecheka kwa sauti. Walikuwa wanamsubiri tu, simu mkononi, waone atafanya nini.

Rahmah, mwanafunzi anayekaa mbele, aliinuka na kifutio.

“Acha,” Emérance alimwambia. “Aliyeandika aje afute.”

Hakuna aliyeinuka. Alifundisha kipindi kizima na maneno yale nyuma ya kichwa chake, sauti ikimkatika kila mara, na kila ikikatika kulikuwa na simu inayonyanyuliwa. Alipotoka, mkuu wa idara, Dokta Kosiya, alikuwa akimngoja mlangoni na uso wa huruma.

“Pole, mwalimu. Pumzika kidogo. Darasa lako tumempa mwenzako.”

“Nani amekuambia nimechoka?”

“Hakuna aliyesema. Ni kwa faida yako.”

Simu ya mama yake ilikuja kabla hajafika kwenye geti. Maman Aimée anauza vitenge soko la mpakani, kwa Kiswahili chake cha Kongo, na maneno ya Kasese hufika kule kabla ya chai kupoa.

“Emérance, watu iko nasema mu soko uko na kichaa. Mama moja anarudisha kitenge yangu, anaogopa. Ni kweli unakunywa dawa ya wazimu?”

“Maman, ni dawa ya huzuni. Tangu Gracien.”

“Sisi wote tunalia Gracien. Mimi ndiye nilimuzaa. Nilikunywa dawa gani, mimi?”

Emérance alitoka getini, simu bado sikioni.

“Sikiya, mutoto yangu. Jumamosi wakwe iko nakuja. Ile dawa uache. Wakikuona nayo ndoa imekufa, na mimi pale mu soko sirudiye tena.”

Mtu angetegemea angalau Nobert akatae jambo hilo. Ndiyo kazi yake, ndiyo anayohubiri. Emérance alimpigia akiwa bado amesimama barabarani.

“Maman anataka niache vidonge mpaka Jumamosi ipite.”

Kwenye simu ulisikika mlango ukifungwa.

“Mama hajakosea sana.”

“Nobert, wewe?”

“Si milele. Siku chache tu. Na kwa Benedicte usiende wiki hii, watu wanakuona unavyoingia. Wazee wetu ni watu wa shamba, hawaelewi mambo haya. Tukishaoana utakunywa kwa amani.”

“Madame alisema nisikatize. Hata kidogo.”

“Benedicte haolewi na mimi. Unanipenda au hunipendi?”

Jioni akamtumia ujumbe:

*Mpenzi nivumilie. Jumamosi ikipita yote haya yatasahaulika. Nakupenda kuliko unavyojua.*

Emérance aliusoma mara nyingi. Kisha akalifunika kopo la chai na hakulifungua tena wiki hiyo. Mpenzi msomaji, usimcheke. Alichotaka ni kitu kimoja tu duniani, kuolewa na mtu aliyemjua kwa ndani bila kumkimbia, na aliambiwa bei yake ni vidonge.

Jumamosi ikafika. Uani kwa Maman Aimée, Bwera, turubai zilifungwa, viti vikapangwa pande mbili, na majirani wote waliokuwa na mdomo walikuja. Wanakamati wa Nobert nao walikuja kutoka chuoni wamevaa fulana zao za kijani. Emérance alikaa ndani na shangazi zake, nyuma ya pazia, kama desturi inavyotaka. Hakuwa amelala vizuri tangu aache dawa. Mikono ilimtetemeka mpaka shangazi mmoja akamkalia karibu na kuifunika kwa kitenge.

Nje, Mzee Ezironi wa Kisinga, baba mkubwa wa Nobert, alisimama na fimbo yake. Mbuzi walikuwa wamefungwa karibu na ua, na hata asiyejua kuhesabu aliona ni wachache.

Benoît, baba mdogo wa Emérance, ndiye aliyesemea upande wa nyumbani.

“Mzee, karibu kwetu. Lakini ile mbuzi tuliongea haiko hii. Ingine iko mu njia?”

“Hapana, ndugu yangu. Mbuzi ni hii tu.” Ezironi alikohoa. “Sisi watu ya Kisinga hatuna maneno mingi. Nyinyi wenyewe mnajua sababu. Mtoto ya kwenu iko na ugonjwa ya kichwa. Wanaume ingine ingekimbia. Yetu hakukimbia, iko na huruma. Lakini kitu nzima iko na bei yake, na kitu iliyovunjika iko na bei yake.”

Mtu mmoja upande wa wageni alicheka. Wengine walitazama chini.

“Nani aliwaambia ile maneno?” Benoît aliuliza.

“Nobert mwenyewe. Alisema tupunguze mbuzi, nyinyi hamtabisha, mtaogopa maneno itoke nje.”

Maskini mzee wa watu, hakujua amefanya nini. Alidhani anamsifu kijana wake kwa akili. Nobert alikuwa amekaa pale na suti yake mpya anaangalia viatu.

Nyuma ya pazia Emérance alisikia kila neno. Maman Aimée naye alisikia, na mnajua alisema nini? Alimnong'oneza shemeji yake kutoka mlangoni:

“Benoît, pokeya. Pokeya tu, watu iko nasikia.”

“Haiwezekane, shemeji. Kwetu mbuzi haiingie mu lupango, mu uwanja yetu, kama mutoto mwenyewe hajasema ndiyo. Emérance, kuya huku.”

Shangazi walitaka kumfunika uso. Akakataa. Alitoka hivyo hivyo, akasimama katikati ya viti, mbele ya watu wote.

“Unasikia wakwe yako wamesema,” Benoît akamwambia. “Tupokeye mbuzi?”

“Kwanza nimshukuru Mzee Ezironi,” Emérance alisema. “Yeye peke yake amesema ukweli leo. Ninaumwa, mzee. Mkono wangu unauona?”

Ezironi alitazama mkono, kisha akatazama fimbo yake.

“Unatetemeka kwa sababu wiki hii niliacha dawa. Aliyeniambia niache ni Nobert. Nyinyi wa fulana za kijani mmesikia? Mkuu wenu wa afya ya akili alinikataza dawa na akanikataza kwenda kwa mshauri, ili wazee wake wasinione mgonjwa. Na huku nyuma alikuwa ameshawaambia yeye mwenyewe, apate mbuzi wa bei nafuu.”

Nobert aliinuka.

“Emérance, twende tuongee ndani.”

“Ndani tulishaongea. Yote niliyokuambia ndani umeyatoa nje.”

“Nilitaka kuokoa gharama tu, wale mbuzi ni wengi. Nakupenda, wewe unajua.”

“Najua. Ulinipenda kweli, na ndiyo maana nimechelewa kukuona ulivyo.” Akamgeukia Benoît. “Baba, mbuzi warudi Kisinga. Mtu huyu simtaki.”

Nobert alisogea karibu, akapunguza sauti. Lakini uani palikuwa kimya, kila mtu alisikia.

“Fikiri vizuri. Bwera yote imeshajua una nini. Nani mwingine atakuoa?”

“Labda hakuna,” Emérance akamjibu. “Lakini dawa yangu nitakunywa.”

Wageni walifungua mbuzi na kuondoka bila kula. Vijana wa fulana za kijani walitangulia, hawakumngoja mkuu wao. Maman Aimée alikaa juu ya kiti cha wakwe, mikono kichwani.

“Umeniua mu soko,” alimwambia binti yake. “Utazeeka peke yako na vidonge yako. Mimi nitafunika uso wapi?”

“Maman, mimi pia uso ninao.”

Mama aliinuka. Alianza kupanga sahani safi juu ya sahani safi, akilia bila sauti, na Emérance alimwacha.

Kuna aliyekuwa ameirekodi shughuli nzima. Jumapili video ilikuwa kwenye kila simu Kasese. Yule mama wa Kampala, aliyelia siku ile ukumbini, alimtumia Nobert mstari mmoja:

*Suala la uratibu tumeamua kulisitisha. Asante.*

Ukuu wa kamati alibaki nao, maana kumwondoa kulihitaji kikao na hakuna aliyetaka kukiitisha. Wanafunzi walimsalimia vizuri mchana na kumchezea video yake dirishani asubuhi. Ikawa zamu yake kusimama darasani na kusahau alichotaka kusema.

Siku moja, wiki chache baadaye, Emérance alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha Madame Benedicte, pale pale kwenye njia ya kwenda kantini ambapo chuo kizima kinapita. Alikuwa akienda waziwazi sasa. Darasa lake lilikuwa bado kwa mtu mwingine, lakini mikono ilikuwa imetulia. Nobert alikuja akasimama mbele yake, macho mekundu, kola imelegea.

“Silali, Emérance. Nikila chakula kinarudi. Naogopa hata kuingia darasani.”

“Pole.”

“Nipe vidonge vyako. Vichache tu.”

“Dawa ya mtu haigawiwi, Nobert. Wewe ndiye unayefundisha hivyo.”

“Basi niombee kwa Benedicte, mwambie aje nyumbani kwangu.”

“Yuko ndani, anamaliza na mtu. Kaa usubiri.”

“Hapa? Watu watasema nini, mkuu wa kamati nimekaa hapa?”

Emérance alisogea, akamwachia nafasi kwenye benchi. Kwa dakika moja hivi Nobert aliitazama ile nafasi, na nadhani alitaka kukaa, goti moja lilikwisha kukunjika. Kikundi cha wanafunzi kikatokea upande wa kantini, Rahmah akiwa mbele.

“Mwalimu Nobert, na wewe umekuja kwa Madame?”

Goti likanyooka. Akarekebisha kola.

“Hapana,” alisema. “Nakagua tu.”

Akaondoka kwa haraka kuelekea ofisini kwake. Mlango wa Madame Benedicte ukafunguliwa, jina la Emérance likaitwa kwa sauti mbele ya wote waliopita, naye akaitika na kuingia.