Mtandio Mrefu wa Mehwish

Ndugu zangu, nyumba ya jirani yangu Bi Shagufta, hapa kwetu Faisalabad, ilikuwa nyumba ya vicheko. Asubuhi mama akikaanga chapati, mwanawe Waqar akifuta pikipiki, na bintiye Mehwish, mwalimu, akigugumia chai akiwa amesimama. Kisha Mehwish alifunga mtandio wake mfupi nyuma ya shingo, akapanda nyuma ya kaka yake, mguu huku na mguu huku, wakaenda wakitaniana.

Mama mwenyewe alivaa nikabu. Wageni walidhani marehemu mumewe ndiye aliyemlazimisha. Wapi! Mzee wa watu alimbembeleza aivue, mama akakataa katakata.

Lakini mtaa wetu una midomo. Siku moja kwa kinyozi, Waqar akiwa na povu mashavuni, Haji Bashir muuza vitambaa akamrushia neno.

"Waqar, yule unayempakia ni dada yako au mdogo wako wa kiume? Maana anavyopanda!"

Watu wakaangua kicheko.

"Na mtandio wenyewe kama leso ya kufutia kamasi," Haji akaendelea. "Wa hivyo hakosi bwana huko shuleni."

Waqar alirudi nyumbani amefura.

"Kesho utavaa mtandio mrefu, na utakaa upande, miguu yote pamoja, kama wanawake wenye heshima!"

"Kaka, ukinasa kwenye gurudumu je?"

"Mbona wenzako wanakaa hivyo?"

"Waqar," mama akaingilia, "mimi navaa langu kwa kupenda. Mwache mwenzio na lake."

"Mama, wewe hujui ninavyochekwa!"

Mehwish alimpenda kaka yake. Kesho yake alijitanda mtandio mrefu, akakaa upande, mkono mmoja begani kwa Waqar. Karibu na soko ncha ya mtandio iliingia kwenye spoki za gurudumu, mtandio ukamkaba shingo. Waqar alidhani dada amenuna, ndiyo maana hasemi. Alipohisi mkono umetoka begani, Mehwish alikuwa barabarani, amekwisha kufa.

Inaniuma kusimulia. Msibani mwanamke mmoja alisema, "Angalau amekufa amejistiri." Bi Shagufta, ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti, alimgeukia.

"Mwanangu alijistiri siku zote! Ninyi ndio hamkutaka kuona."

Nje, Haji Bashir alikuja kutoa pole. Waqar alimshika mkono, hakuuachia.

"Haji, safari hii alikaa vizuri?"

Haji aliuchomoa mkono wake, akaondoka akiangalia chini.

FUNZO

Urefu wa mtandio hauwaambii lolote kuhusu moyo wa aliyeuvaa. Aliyefunika uso msimwite mfungwa, aliyeuacha wazi msimwite mhuni. Muulizeni mwenyewe, au nyamazeni. Nanyi makaka, kicheko cha kwa kinyozi huisha siku ileile. Dada harudi.